Waya Zote Nyeusi

Nakuru, 14 Januari 2025

Ndugu yangu Mburu,

Daktari wa figo amesema leo asubuhi kwamba Mama ataanza kusafishwa damu Jumanne ijayo, na kuanzia hapo itakuwa kila Jumanne na Ijumaa, maisha yake yote. Alisema mbele yake. Mama aliuliza kama anaweza kuruka siku za mvua kubwa. Daktari akamwambia hapana.

Salamu kutoka kwetu. Natalie wangu ameingia kidato cha pili na anauliza kama mjomba wake bado yuko kule kwenye jua. Kule Elburgon viazi vimetoka shambani, vichache. Mama amekataa kuhamia kwangu hapa mjini. Anasema ng'ombe hawakamuliwi kwa simu. Kwa hiyo atakuwa anatoka Elburgon alfajiri na kurudi jioni, na nimeshaona wagonjwa wanaotoka kwenye mashine ile. Hawawezi kusimama stendi kungoja gari lijae.

Ndiyo maana nakuandikia kuhusu Peugeot ya Baba. Iko pale pale chini ya kibanda. Nimeiwekea betri mpya. Injini inazunguka vizuri lakini haishiki. Mathenge, yule fundi aliye nyuma ya soko, amechomoa mpira wa petroli kwenye kabureta na hakuna tone. Anasema uliitoa pampu ya zamani iliyokuwa ubavuni mwa injini, ukafunga ya umeme huko nyuma karibu na tangi, na kwamba hiyo mpya haizunguki kabisa. Alijaribu kufuata waya zake akashindwa.

"Madam," aliniambia akiwa amelala chini ya gari, "huyu ndugu yako ni fundi ama ni mchawi? Waya zote nyeusi! Mtu anafunga gari mzima na rangi moja?"

Anasema umeficha swichi mahali. Iko wapi?

Dada yako,
Wangare


Kambi ya barabara, kaskazini mwa Lodwar
9 Februari 2025

Dada Wangare,

Barua yako imefika jana na Kiplangat, dereva wa lori la vifaa. Ndiye posta yetu, maana hapa simu ni ya kuangalia saa tu. Mimi ni mzima. Joto linayeyusha gundi ya viatu. Matrekta mawili yamekufa na mengine yako njiani kufa, kwa hiyo kazi ipo. Mwambie Natalie mjomba amekuwa mweusi kuliko sufuria.

Pole kwa habari za Mama. Nimeisoma mara mbili. Wewe hata barua ya nyumbani unaandika kama unasoma taarifa ya saa saba kazini kwako redioni.

Sasa gari. Pampu ya zamani ngozi yake ya ndani ilikuwa imepasuka, na hata nzima ilikuwa inasumbua. Unakumbuka kile kilima cha kutoka Njoro: petroli ilikuwa inachemka kwenye mpira, gari linakata, Baba anatoka na kitambaa chenye maji kuifunika pampu, na sisi tumekaa ndani tukila miwa. Ya umeme inakaa nyuma, kwenye baridi, na inasukuma badala ya kuvuta. Nilitafuta ya nguvu ndogo kwa sababu kabureta haivumilii msukumo mkubwa. Agosti yote Baba alipanda kile kilima bila kusimama hata mara moja.

Mwambie Mathenge aangalie mambo haya. Fyuzi iko karibu na betri. Rilei, kile kisanduku kinacholia tik, iko chini yake. Waya wa kurudisha umeme nimeufunga kwenye chuma nyuma ya taa ya kushoto. Aukwangue, labda una kutu. Lakini asithubutu kuvuta waya moja kwa moja kutoka betri hadi pampu. Waya mwembamba bila fyuzi ni kiberiti.

Na wewe nijibu: gari lilikataa kuwaka lini? Siku gani hasa?

Msalimie Mama. Yule ndugu yetu Kahiga sina salamu zake.

Mburu


Nakuru, 25 Februari 2025

Ndugu yangu,

Mathenge amethibitisha kwamba fyuzi ni nzima, rilei ni nzima na chuma cha nyuma hakina kutu. Amesema rilei haipati amri, kwa sababu amri inapita kwenye swichi ambayo wewe unajua na yeye hajui.

Mama anakusalimu. Wamemwekea mrija shingoni, na anaufunika kwa leso akienda kanisani ili watu wasiulize. Amepungua. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Nitakueleza lililotokea, ingawa ulionya. Barua yako ilikuwa bado njiani Mathenge alipovuta waya kutoka betri hadi pampu. Gari liliwaka. Tulikwenda hospitali nalo mara kadhaa, na kilima cha Njoro lilikipanda kama ulivyosema. Ijumaa iliyopita, tulipopita Njoro kurudi nyumbani, Mama alisema ananusa plastiki. Moshi ulikuwa unatoka chini ya zulia, kwenye miguu yake. Nilisimama, nikamtoa, nikachomoa betri. Tulikaa kando ya shamba la ngano mpaka mwalimu mmoja wa chuo akatubeba. Mama hakusema kitu ila, "Hii gari imekataa watu wa hii nyumba."

Waya umeyeyuka. Mathenge amesema hatarudia, na kwamba kufumua waya zako zote ni kuharibu hata taa. Mvua zikianza Machi, gari la kukodi halifiki kwetu.

Kuhusu swali lako: gari lilikataa kuwaka Oktoba.

Kahiga yuko Elburgon, kiwanda cha mbao. Halali nyumbani. Mama hataki jina lake litajwe, na sababu nitakueleza ukija.

Mimi nimekujibu. Swichi iko wapi?

Wangare


Kambi, 30 Machi 2025

Dada,

Usidhani nimekaa kimya. Laga, huu mto mkavu wa hapa, lilijaa maji na lori likakwama ng'ambo hata unga ukatuishia. Tulikula mbuzi bila ugali kama wafalme. Namshukuru Mungu kwamba Mama alinusa ule moshi. Pole sana.

Kuhusu swichi. Unajua vile tunafanya kazi sisi mafundi wa waya. Swichi ya siri ni ya watu wawili: mwenye gari na aliyeifunga. Fundi akimwambia wa tatu, hata kama ni mke wa mwenye gari, habari inazunguka gereji zote na hakuna mtu atamletea gari tena. Ndiyo sababu ya waya za rangi moja. Na Baba aliniapisha zaidi ya kawaida. Wewe ulikuwa Nakuru, lakini mimi niliona Peugeot ikiwa kwenye mtaro kule Molo, milango wazi, na Kahiga amelala kwenye nyasi akiimba. Baba aliniambia, "Funga, na usimwambie hata mama yako, kwa sababu Kahiga akimlilia atamwambia." Alisema ukweli.

Barua hii inapita mikono mingi, na Kahiga ana marafiki wengi kwenye malori.

Lakini si hilo tu. Umeandika Oktoba. Baba alikufa Oktoba. Ujumbe ulionifikia hapa, akiwa tayari amezikwa, ulisema presha ilipanda akafa. Haukusema alikuwa wapi. Haukusema nani alikuwa naye. Mimi ni fundi, dada. Gari likikataa siku moja na mwenye gari akafa mwezi huo huo, nauliza.

Alikuwa wapi? Nani alizungusha ule ufunguo? Nijibu hayo na mimi nitakujibu.

Mburu


Nakuru, 12 Aprili 2025

Ndugu yangu Mburu,

Daktari amesema jana kwamba maji yameingia kwenye mapafu ya Mama, na akasema sababu: amekosa kuja mara mbili kwa ajili ya barabara. Akikosa tena, daktari hataahidi lolote. Natalie amefunga shule na yuko Elburgon akikamua. Ndama anaendelea vizuri.

Sikuwepo tarehe 22 Oktoba. Nilikuwa kazini hapa Nakuru. Nitakuandikia yale waliyoniambia waliokuwepo, kila mtu na lake.

Baba alianguka asubuhi kwenye zizi. Upande wa kulia ulikufa na ulimi ukawa mzito, hata mtu asielewe anachosema. Nyumbani alikuwepo Mama, na Kahiga aliyekuwa amekuja kuomba chakula. Walimbeba, wakamlaza kwenye kiti cha nyuma cha Peugeot, kichwa mapajani mwa Mama. Hapo wote wawili wanakubaliana.

Mama anasema Kahiga alizungusha ufunguo mpaka betri ikafa, na gari halikuwaka kwa sababu hapakuwa na petroli, na hapakuwa na petroli kwa sababu Kahiga alikuwa ameinyonya akaiuza. Kumbuka aliwahi kufanya hivyo. Kumbuka pia geji ya petroli ya lile gari ilikufa zamani.

Kahiga anasema hakugusa petroli. Nilimfuata kiwandani. Alisema, "Unaniuliza ya nini? Mimi ni mwizi, si mlishasema? Andika hiyo kwa habari zako." Halafu alisema kwamba betri ilipokufa alikimbia mpaka barabarani, akasimama mbele ya lori la mbao na kukataa kutoka mpaka likasimama. Dereva wa lori ameniambia hivyo hivyo. Baba alikufa ndani ya lori kabla ya kufika Njoro.

Kwenye mazishi, Kahiga alipoinama kuokota udongo, baba mdogo alimshika mkono. Alimwambia mbele ya watu wote, "Wewe ulishamzika." Mama alikuwa hapo. Aligeuza uso. Kahiga hakutupa udongo. Aliondoka akipita katikati ya viazi na hajarudi nyumbani tangu siku hiyo.

Sasa jambo ambalo sikukuandikia. Januari, Mathenge alipofungua tangi, lilikuwa na petroli zaidi ya nusu. Kwa hiyo tangu Januari najua kwamba Kahiga hakuiba. Sijamwambia Mama. Nikimwambia ataniuliza ni nini basi kilizuia gari, na jibu la swali hilo ni kazi ya mikono yako. Nimekuwa nikichagua kila wiki ni mtoto yupi wa Mama nimwache abebe mzigo huu, na kila wiki namwachia yule aliyeuzoea.

Kuna jambo lingine moja ambalo Mama hulirudia. Anasema mkono wa kushoto wa Baba, ule mzima, haukutulia pale kitini. Ulikuwa unachimba kwenye mwanya wa kiti kama mtu aliyepoteza sarafu. Mama akautoa, akaushika kifuani pake, akaomba. Baba akaunyang'anya, akaurudisha. Mama akautoa tena. Anasema mwishowe aliushika kwa nguvu zote ili mzee apumzike.

Nimekujibu yote. Swichi iko wapi?

Wangare


Kambi, 4 Mei 2025

Dada,

Iko kwenye kiti cha nyuma. Katikati, ndani ya mwanya, pale mahali pa kukalia panapokutana na mahali pa kuegemea. Ingiza vidole mpaka uguse chuma. Kuna kitu kidogo kama kiberiti. Kisukume kuelekea mlango wa kushoto. Fungua ufunguo na utasikia pampu ikinguruma nyuma. Ingoje kwa pumzi moja mbili, halafu washa.

Baba alichagua mahali mwenyewe. Alisema mwizi hutafuta mbele. Ndiyo sababu alikuwa anafungua mlango wa nyuma kila safari kana kwamba anaweka koti. Mama alikuwa anamcheka kwa ajili ya hilo koti.

Alikuwa anawaonyesha.

Usimwambie Mama. Sijui utamwambia nini Kahiga.

Mburu


Nakuru, 19 Mei 2025

Ndugu yangu Mburu,

Gari liliwaka Ijumaa, na aliyesukuma swichi ni Mama. Nilikuwepo, kwa hiyo hili ni langu mwenyewe.

Nililala Elburgon siku ya Alhamisi. Alfajiri nilikwenda kibandani nikijua Mama bado anavaa. Koti la Baba liko pale pale kitini tangu Oktoba, hakuna aliyelitoa. Nililisogeza, nikaingiza mkono kwenye mwanya. Nilikuwa sijafika kwenye chuma nilipomsikia nyuma yangu. Alikuwa amesimama na kikapu chake, na leso shingoni.

Hakuuliza ninatafuta nini. Aliangalia mkono wangu ulipo.

"Toa," akasema.

Nikautoa. Alipanda, akakaa pale alipokaa siku ile, akaweka koti mapajani, akaingiza mkono wake. Alipapasa kwa muda. Nilisikia kitu kikigonga. "Washa," akasema. Nilikwenda mbele nikafungua ufunguo, pampu ikanguruma, na gari likashika mara ya kwanza. Nilipogeuka alikuwa bado ameacha mkono mle ndani.

"Hapa ndipo alikuwa anachimba," alisema.

Uliniambia nisimwambie. Sikumwambia. Hapakuwa na kitu kilichobaki cha kuambiwa.

Mpaka Nakuru alishika lile koti mapajani. Alikaa kwenye mashine akiangalia ukuta, na muuguzi aliyezoea kumtania akaacha baada ya mara ya pili. Tulipokuwa tunarudi, tukipanda kutoka Njoro, ndipo aliponiuliza.

"Tangi lilikuwa na petroli?"

"Lilikuwa nayo, Mama."

"Ulijua lini?"

"Januari."

"Na nani alificha hiyo kitu kwa kiti?"

"Mburu. Baba alimtuma."

Tulipoingia Elburgon aliniambia nipite kiwandani. Nilimwita Kahiga kwenye lango. Alitoka na vumbi la mbao kwenye nyusi na kwenye ndevu, kama mzee wa miaka themanini. Alisimama mbali.

"Kahiga," Mama alisema kupitia dirishani.

"Mathe."

"Ingia gari."

"Mwizi wa petroli anabebwa na gari siku hizi?"

"Nimesema uingie. Endesha wewe. Wangare amechoka, na mimi nimechoka na kuendeshwa kama mayai."

Alinitazama, nikatoka kwenye usukani. Hakuwa amelewa. Aliendesha polepole kuliko nilivyowahi kumwona. Alipozima gari kibandani alisema ameambiwa na Mathenge kwamba kuna swichi, na akaomba kuiona. Mama alimwonyesha kwa mkono wake mwenyewe. Kahiga aliisukuma kwenda na kurudi. Kisha alicheka, na hicho hakikuwa kicheko kizuri. "Mzee alinificha mimi," alisema. "Aliweza. Nilizungusha ule ufunguo nikimwambia Mungu nitaacha pombe." Mama alimshika kisogo kama anavyoshikwa mtoto anayenyolewa. Niliwaacha hapo nikaenda kukamua.

Jumapili Mama alisimama kanisani baada ya matangazo. Alisema kwa sauti kwamba Kahiga hakuiba, kwamba tangi lilikuwa na petroli, na kwamba yeye ndiye aliyegeuza uso. Baba mdogo alikuwa benchi la mbele.

Kuhusu mkono wa Baba, Mama hakusema kanisani, na hajasema nyumbani. Usiku wa jana alikula vizuri. Analala na lile koti.

Najua swali utakalouliza. Nilimuuliza kama amekusamehe, akaniambia niangalie maziwa jikoni yasimwagike. Hajasema ndiyo, hajasema hapana, na mimi sitasema kwa niaba yake. Aliloniagiza nikuandikie ni hili, na nimemsomea likiwa hivi hivi:

Wanawe wawili hawajatupa udongo kwenye kaburi la baba yao, mmoja kwa kuzuiwa na mmoja kwa kuwa mbali. Watautupa pamoja. Baada ya hapo wewe utaitoa swichi mwenyewe, yeye akiwa amekaa palepale kwenye kiti cha nyuma, na Kahiga atakushikia taa. Mathenge haruhusiwi kuigusa. Mpaka siku hiyo, kila Jumanne na Ijumaa, Mama ataisukuma kwa mkono wake.

Ni Jumamosi tarehe 14 Juni, saa nne asubuhi. Nimezungumza na Kiplangat alipopita hapa. Anasema lori linateremka Jumatano tarehe 11 na nafasi yako ipo mbele. Uje na waya za rangi tofauti.

Dada yako,
Wangare